Mwalimu anapoita jina na hakuna anayeitika

Leo nakualika twende pamoja hadi shule ya msingi ya kijijini, huko Shinyanga na Geita, tukaangalie kitabu kimoja ambacho ni nadra kutajwa mimbarani. Kitabu hicho ni daftari la mahudhurio.

Kila asubuhi mwalimu hulifungua, huita majina na kuweka alama. Aliyepo huitika. Asiyekuwepo huwekewa alama yake, na mwalimu huendelea na jina linalofuata, kwa sababu somo linasubiri na watoto ni wengi. Baada ya majuma mengi ya kutokuwepo, jina lile hupigwa mstari. Mwaka unaofuata halinakiliwi tena katika daftari jipya. Hakuna tanga linalowekwa, hakuna mtu anayeulizwa. Mtoto ametoka katika hesabu ya taifa kimya kimya.

Watu wa elimu wana neno lao kwa jambo hili. Wanaliita mdondoko. Ni neno zuri kwa ripoti, lakini linaficha kitu. Embe hudondoka lenyewe likiiva au likipigwa na upepo. Mtoto hadondoki mwenyewe. Upo mkono uliomvuta, au upo mkono uliopaswa kumshika ukawa na shughuli nyingine.

Kabla hatujalaumu, tushukuru. Serikali ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouzoea kwa jina la MMEM. Mwaka 2001 nchi yetu ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wapatao milioni 4.9. Mwaka 2007 walikuwa milioni 8.3. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima. Januari 2016 watoto takribani milioni 2.1 waliandikishwa darasa la kwanza, wakati mwaka mmoja kabla walikuwa milioni 1.5 na ushei. Wazazi waliokuwa wamewaficha watoto nyumbani kwa kukosa mchango wa dawati au wa mlinzi waliwaleta. Hilo ni jambo la kumtukuza Mungu, na aliyelifanya anastahili kupongezwa.

Sasa fuatana nami hatua moja mbele. Watoto wa darasa la kwanza wa mwaka 2016 walitarajiwa kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2022. Waliosajiliwa kwa mtihani huo walikuwa takribani milioni 1.38. Tofauti inakaribia laki saba na nusu.

Tuwe waungwana na takwimu. Katika pengo hilo wapo waliokariri darasa, ambao walifanya mtihani miaka iliyofuata. Wapo waliohamia nje ya nchi na wapo waliotangulia mbele za haki. Lakini hakuna mtu anayeyajua maisha ya vijijini mwetu atakayekubali kwamba pengo lote hilo ni la waliokariri. Wengi wao wanaishi. Wana majina, wana mama, na wengine wana vyeti vya ubatizo.

Kwa nini nimeichagua Shinyanga na Geita? Kwa sababu huko mambo mawili yanakutana kwa nguvu kuliko sehemu nyingi za nchi: watoto wengi mno na vishawishi vingi mno vya kuwatoa shuleni.

Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera. Sensa ya mwaka huo iliukuta na watu milioni 1.74. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu 2,977,608. Hilo ni ongezeko la asilimia 5.4 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ni asilimia 3.2. Shinyanga nayo ilitoka watu milioni 1.53 hadi milioni 2.24 katika miaka hiyohiyo 10. Kwa kasi ya Geita, idadi ya watu huwa mara mbili katika miaka 13 hivi. Maana yake ni kwamba kijiji kilichotosheka na shule moja siku mtoto alipozaliwa, kitahitaji shule mbili siku anapomaliza darasa la saba.

Wanatoka wapi watu wote hao? Wengi wanazaliwa hapohapo. Wengine ni wakulima na wafugaji wa Kisukuma ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakielekea magharibi kutafuta ardhi na malisho. Wengine wameitwa na dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita, GGM, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu kule Kahama ukafuata mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo mikubwa yapo machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu upande wa Geita, na Mwakitolyo upande wa Shinyanga. Huko ndiko wanakokimbilia vijana na familia kutoka kila kona ya nchi.

Katika eneo hilohilo, ndugu yangu, utakuta shule za namna mbili. Ipo shule iliyofurika, ambayo darasa moja linabeba watoto wa madarasa mawili au matatu na mwalimu hapati pa kupita kati ya mstari na mstari. Na ipo shule ndogo ya kijijini, mbali na barabara ya lami. Ile iliyofurika hupigwa picha na kutangazwa, na inastahili. Lakini naomba leo tuitazame hiyo ndogo, kwa sababu shida yake haionekani kwa macho.

Kaya za Kisukuma hazikujengwa kwa kubanana. Kila mji una mashamba yake na malisho yake, na kutoka mji hadi mji ni mwendo. Mtoto wa miaka sita anayepaswa kuvuka mbuga masika ili afike shuleni, hafiki. Ndiyo maana zikaanzishwa shule shikizi, zile zinazopokea watoto wadogo karibu na kwao hadi wapate nguvu ya kwenda shule mama. Mwaka 2021, katika fedha zile za mkopo wa shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na athari za UVIKO-19, serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 nchini, na 3,000 kati yake yakawa ya shule shikizi. Ulikuwa uamuzi wa busara.

Lakini hesabu ya shule ndogo ni ngumu. Fedha za uendeshaji hutolewa kwa kichwa cha mwanafunzi. Utaratibu wa elimu bila malipo uliweka shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 hufika shuleni. Chukua shule ya wanafunzi 200. Itapata shilingi 1,200,000 kwa mwaka, yaani 100,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na mambo mengine yote. Fedha hiyo haifikii bei ya gramu moja ya dhahabu katika soko la madini la Geita, soko lililofunguliwa Machi 2019 na ambalo tunajivunia kwamba lilikuwa la kwanza la aina yake nchini. Shule nzima kwa mwezi mzima haifikii gramu moja.

Vivyo hivyo kwa walimu. Ukigawa wanafunzi 200 kwa kiwango kilichozoeleka cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, unapata walimu wanne, watano ukibahatika. Lakini shule hiyo ina darasa la awali na madarasa saba, na kila darasa lina masomo yake. Walimu wanne hawawezi kuwa katika vyumba vinane kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kila saa ipo nusu ya shule isiyo na mwalimu. Kwenye karatasi shule hiyo haina upungufu. Ndani ya madarasa, watoto wanakaa wenyewe. Na mtoto anayekaa mwenyewe darasani siku tatu kwa juma hahitaji kushawishiwa sana ili siku ya nne asije.

Sasa waje wenye kumvuta. Nitataja watatu.

Wa kwanza ni machimbo. Dhahabu ikisikika mahali, watu hufika kwa siku chache. Maturubai yanasimama, mama lishe wanawasha moto, maduara yanachimbwa, makarasha yanaanza kunguruma. Shule ya karibu, iliyokuwa na watoto wachache, inapokea wageni mia kwa mpigo. Mawe yakikata, watu wanahama usiku kucha kwenda kwenye taarifa mpya. Familia haikumbuki barua ya uhamisho. Siku hizi kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake ya PReM katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na bila kuhamishwa rasmi namba ile inabaki ilikotoka. Huku alikotoka anaitwa mtoro. Huko alikokwenda, pengine hajaandikishwa kabisa. Mtoto yupo katikati, mkononi ameshika karai. Wasichana wanachota maji na kusafisha mchanga mwaloni, wavulana wanaponda mawe au kuokota magwangala. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013, iliyochunguza machimbo ya Geita, Kahama na Chunya, iliwakuta watoto wenye umri mdogo hata wa miaka minane wakifanya kazi hizo, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na machimbo yametajwa. Sheria ipo, na karai lipo mkononi mwa mtoto.

Wa pili ni ng'ombe, na hapa nazungumza na ndugu zangu wafugaji kwa heshima. Mvulana hutolewa shuleni akachunge. Msichana hutolewa shuleni ili ng'ombe waje. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, kabla haujagawanywa, asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 37. Tangu hapo mengi yamefanyika. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 14 au 15 kuolewa vinakinzana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatishwa masomo kwa sababu ya mimba warudi shuleni. Lakini waraka haumfikii binti ambaye jina lake limeshapigwa mstari na hakuna anayejua amepelekwa kijiji gani.

Tafakari jambo hili, mpendwa. Mfugaji wa Kishapu hana daftari. Jioni ng'ombe wakirudi, husimama mlangoni pa zizi akawatazama tu. Anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo. Akikosekana ndama mmoja, atajua kabla jua halijazama, na atamtuma mtu na tochi. Hakuna atakayesema tusubiri muhula uishe. Lakini mtoto wa jirani anaweza kutoonekana shuleni tangu Pasaka hadi Krismasi, na mzee yuleyule asiulize. Si kwamba mzee huyo ni mbaya. Ni kwamba ng'ombe tumefundishwa kuhesabu, na mtoto tumemwachia mwalimu amhesabu peke yake.

Wa tatu ni hofu. Wasomaji wengi mnaikumbuka miaka ile ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino katika Kanda ya Ziwa, yaliyoshika kasi kuanzia mwaka 2006 na 2007. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14. Katika kipindi hicho Shule ya Msingi Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, ambayo ilikuwa ikipokea watoto wasioona na viziwi, ilianza kuletewa watoto wenye ualbino kutoka vijijini ili wapone. Idadi ikapanda hadi mamia. Haikupanda kwa sababu ya waraka wala kampeni ya uandikishaji. Ilipanda kwa sababu nyumba hazikuwa salama. Watoto walilala kwa kubanana bwenini, wengine wakikaa miaka bila kutembelewa na ndugu. Kwa kila mtoto aliyeongezeka Buhangija, lipo daftari la kijijini lililopungua jina moja. Walimu na walezi wa Buhangija walifanya kazi ya Injili. Lakini tujiulize, vijijini walikotoka watoto hao hapakuwa na kanisa? Yalikuwapo. Kengele zilipigwa kila Jumapili.

Hapo ndipo Neno la Mungu linapotukuta leo. Maandiko yana hesabu za namna nyingi. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya kwanza, Musa anaamriwa kuwahesabu wanaume kuanzia miaka 20, wanaoweza kwenda vitani. Mtoto hayumo. Katika Mathayo 14, Yesu anapowalisha watu, mwinjili anatupa idadi ya wanaume elfu tano, kisha anatuambia kwamba wanawake na watoto hawakuingizwa humo. Ndivyo dunia ilivyokuwa ikihesabu. Lakini ukifungua Yohana, sura ya sita, unakuta kwamba mikate ile mitano na samaki wawili vilitoka kwa mtoto. Yule ambaye hakuwa katika hesabu ndiye aliyekuwa na chakula. Umati mzima ulishiba kwa kikapu cha mtu asiyehesabiwa.

Kisha ipo hesabu ya Yesu mwenyewe, katika Luka 15. Mtu ana kondoo mia, akipotewa na mmoja anawaacha tisini na tisa anakwenda kumtafuta. Tumeihubiri sana habari hiyo tukisisitiza upendo wa mchungaji, na ni sawa. Lakini ipo hatua moja kabla ya upendo ule kuanza kutembea. Mchungaji alijua kwamba kuna mmoja hayupo. Huwezi kumkosa mmoja katika mia kwa kuangalia kundi kwa mbali. Kundi la tisini na tisa linafanana kabisa na kundi la mia. Alijua kwa sababu alikuwa amehesabu, mmoja mmoja, na alikuwa anawafahamu.

Nasikia msomaji akisema: hiyo ni kazi ya serikali, ina Mwalimu Mkuu, ina Mratibu Elimu Kata, ina mtendaji wa kijiji. Ni kweli. Tena shule nyingi zilizoanzishwa na makanisa zilitaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na tangu hapo tukajizoeza kuona shule ya msingi ya kijijini kuwa si yetu. Sipendekezi tuzidai. Nasema kwamba majengo yalichukuliwa, lakini watoto hawakutaifishwa. Tena lipo daftari ambalo serikali haina, nasi tunalo.

Nenda kwa katibu wa parokia au wa usharika, uombe kitabu cha ubatizo. Wale ambao makanisa yetu hayabatizi watoto wachanga, tunayo orodha ya watoto waliowekwa wakfu mbele ya madhabahu. Humo yamo majina ya watoto, ya wazazi, ya kitongoji na tarehe ya kuzaliwa. Mtoto aliyeandikwa humo mwaka 2018 anatakiwa leo awe ameshaanza shule. Je, ameanza? Hilo ni swali linaloweza kujibiwa kwa jioni moja, kwa kuweka vitabu viwili juu ya meza, kile cha kanisa na kile cha shule, mchungaji na mwalimu wakiwa wamekaa pamoja. Jina lililo katika kitabu cha kwanza na halimo katika cha pili, hilo ndilo kondoo wenu. Hamhitaji mfadhili wala semina. Wapeni jina hilo viongozi wa jumuiya ndogondogo au wa seli, waende wakabishe hodi kabla Januari haijaisha.

Na familia zinazohama kufuata dhahabu nazo zina utaratibu wetu. Mkristo anayehama huomba barua ya utambulisho ili apokelewe usharika mwingine. Mzee wa kanisa anayeandika barua hiyo aulize swali moja: watoto wana uhamisho wa shule? Na mhubiri aliyeko machimboni, anayeendesha ibada chini ya turubai, asiwapokee wageni kwa kuwauliza tu kama wameokoka. Awaulize watoto wao wanasoma wapi.

Ipo sehemu ngumu zaidi, na sitaikwepa. Baadhi ya wenye maduara na makarasha ni waumini wetu, na wengine hukaa viti vya mbele. Wanapopata, hutoa sadaka nono ya shukrani, nasi tunapiga vigelegele. Je, tumewahi kuuliza nani alisafisha mchanga ule? Baadhi ya wazazi wanaopokea mahari ya binti wa darasa la sita ni washirika wanaopokea meza ya Bwana. Sherehe zile zina wageni, na sisi tumo miongoni mwa wageni. Tumekula pilau ya mtoto aliyepaswa kuwa darasani Jumatatu. Mchungaji anayekataa kubariki ndoa ya namna hiyo, na mwimbaji wa kwaya anayekataa kwenda kuimba, amehubiri kwa sauti kuliko vipaza sauti vyetu vyote.

Na tuwe raia wema pia. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ya madini iandae kila mwaka mpango wa kuwajibika kwa jamii kwa kukubaliana na halmashauri. Halmashauri hupata pia ushuru wa huduma kutokana na mapato ya kampuni. Fedha za migodi zimefanya mambo, na Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu pale Geita ni ushahidi. Lakini katika mikutano ya kupanga, shule kubwa ya mjini ina wasemaji wengi, na shule ya wanafunzi 200 kule mwisho wa kata haina. Boma lake lililojengwa kwa nguvu za wananchi linaweza kukaa miaka likisubiri kupauliwa. Mkristo aliye diwani, aliye mjumbe wa kamati ya shule, aliye mhasibu wa halmashauri, huo ndio wito wake. Migodi ina mwisho. Buzwagi ilianza kuzalisha mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, miaka 12 tu, ambayo haimtoshi mtoto kutoka kuzaliwa hadi kumaliza darasa la saba. Dhahabu ikiisha ardhini, kitakachokuwa kimebaki ni kile tulichoweka vichwani mwa watoto.

Wasukuma wanalijua jambo hili kuliko mimi. Wana desturi ya ngitili. Masika nyasi zinapoota, mwenye mji hufunga kipande cha malisho yake, asiruhusu mfugo kukanyaga, hata kama majani yanavutia. Kipande hicho huhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, wale ndama, wanyama dhaifu na maksai wa kulima. Ardhi ya Shinyanga ilipokaribia kuwa jangwa, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, haukuleta maarifa kutoka mbali. Ulirudisha ngitili. Miti ikarudi, nyasi zikarudi, na mwaka 2002 mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa. Watu waliokubali kufunga malisho wakati ng'ombe wana njaa, kwa sababu wanaamini kiangazi kitakuja, hawashindwi kufunga miaka saba ya mtoto wasiruhusu duara, zizi wala mahari kuikanyaga.

Yapo mageuzi mbele yetu. Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa Februari 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Ni hatua kubwa. Lakini neno lazima halimrudishi mtoto ambaye hakuna aliyegundua kwamba hayupo. Anayegundua ni jirani. Anayegundua ni mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye juma lililopita alikuwa na watoto 31 na leo ana 30.

Basi, mpendwa, leo baada ya ibada usiondoke haraka. Mtafute mwalimu huyo, mwulize ni nani hajaonekana, na kwao ni wapi. Kisha nenda. Usipomkuta mtoto, utamkuta mama yake, na huo utakuwa mwanzo.

Bwana Yesu, aliyewakumbatia watoto wakati wanafunzi wake walipokuwa wakiwafukuza, atupe macho ya kumwona asiyekuwepo. Amina.